Namna ya Kupata Dhamira ya Hadithi Fupi na Kuiandikia Insha

Wiki iliyopita nilikaa barazani kwetu Kisauni na mpwa wangu wa kidato cha nne, tangu baada ya alasiri hadi adhana ya magharibi, tukishughulikia swali moja la hadithi fupi lenye alama 20. Hatua tulizofuata ni hizi.

Hatua ya kwanza: Soma hadithi mara mbili, mara ya pili ukiwa na penseli. Miongozo inayouzwa madukani iweke kando mpaka umalize rasimu yako, kwa maana mwongozo ukitangulia, msomaji haoni tena kitabuni ila yale aliyokwisha kutajiwa.

Hatua ya pili: Pambanua maudhui na dhamira. Hapa ndipo jioni yetu karibu yote ilipopotelea. Mpwa wangu alikuwa ameandika, "Dhamira ni umaskini." Umaskini ni suala linalozungumziwa, yaani maudhui, dhamira ni msimamo ambao hadithi inauchukua kuhusu suala hilo, nayo sharti iandikike kwa sentensi kamili. Nilimbunia mfano: kijana wa Mji wa Kale anauza mashua ya marehemu babake ili alipe mahari, ingawa baba mkwe amejitolea kuipunguza, harusi inafana, na hadithi inakoma alfajiri, kijana akiwa ufuoni akimwomba mnunuzi kazi ya ubaharia katika mashua ile ile.

Jibu letu la kwanza lilikuwa kwamba mahari kubwa huwaumiza vijana. Lilionekana sahihi hadi tulipolipima kwa tukio la baba mkwe, likaanguka, kwa sababu kijana hakulazimishwa na mtu. Tukaandika upya: "Fahari ya kutaka kuonekana humfanya mtu auze kile kinachomlisha." Basi kila dhamira unayoipendekeza ipime kwa mwisho wa hadithi, kisha uipime kwa tukio linaloelekea kuipinga. Usichukue methali iliyotamkwa na mhusika ukaifanya dhamira, kwani huenda mwandishi amemweka mhusika huyo ili akosolewe. Jihadhari pia na istilahi: wahakiki wengi wa Tanzania huiweka dhamira ndani ya maudhui, pamoja na ujumbe, migogoro na falsafa, ilhali katika shule zetu za Kenya maudhui na dhamira aghalabu hufundishwa kama vipengele viwili. Ukisoma vitabu vya pande zote mbili bila kulijua hilo, utachanganyikiwa kama tulivyochanganyikiwa sisi.

Hatua ya tatu: Kusanya ushahidi, yaani matukio, maneno ya wahusika na mbinu za sanaa. Mbinu usiitaje tu. Eleza kazi yake. Mashua ile ile kurudi mwishoni ni kinaya, yaani mambo kugeuka kinyume cha yalivyotarajiwa, na kinaya hicho ndicho kinachoibeba dhamira.

Hatua ya nne: Andika. Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari nchini Kenya, ina maswali manne ya alama 20 kwa saa mbili na nusu, kwa hiyo kila swali lina takriban dakika 37, na utangulizi mrefu utakugharimu. Kila aya ianze na hoja, ifuatwe na tukio, kisha maelezo ya jinsi tukio hilo linavyoithibitisha hoja. Sehemu hiyo ya tatu ndiyo wanafunzi wengi huiacha, wakaishia kusimulia hadithi upya. Ukimaliza, pigia mstari sentensi zote za maelezo, na aya isiyo na mstari hata mmoja uiandike tena. Kwa kipimo hicho mpwa wangu alifuta aya mbili kati ya tano, akaziandika upya asubuhi kabla ya kwenda shule.