Kifaa cha sikioni na kigugumizi: kijaribu kwa simu kabla ya kutoa pesa

Wengi wenu mmetumiwa video ya namna ile: mtu anakwama, anakwama tena, anawekewa kidude sikioni, maneno yanatiririka na mama yake analia. Kinachoonekana pale kinatokea kweli. Lakini ni dakika za mwanzo, chumba kimetulia, na mara nyingi mtu anasoma karatasi. Sisi wenye kigugumizi tunakwamia kwingine: stejini tukitafuta teksi au bodaboda, kwenye simu, mbele ya daktari mwenye foleni ndefu. Somo hili ni la kujua kama kifaa kitakufaa wewe, katika maongezi yako mwenyewe, kabla hujauza mbuzi.

Kwanza, kinafanya nini

Mkisali Baba Yetu kwa pamoja, au mkiimba, kigugumizi hukaa kando. Karibu kila mwenye kigugumizi husema vizuri akisema sambamba na mwenzake. Kifaa kinajaribu kukuundia huyo mwenzako: maikrofoni inachukua sauti yako, inaichelewesha kidogo au kuifanya nene au nyembamba zaidi, kisha inakurudishia sikioni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mmarekani Bernard Lee alionyesha kwamba asiye na kigugumizi akicheleweshewa sauti yake mwenyewe huanza kubabaika. Kwa wengi wenye kigugumizi ikaja kuonekana kinyume chake. Mnamo 2001 ilianza kuuzwa Marekani SpeechEasy, kidude kinachofanana na kile cha watu wenye usikivu hafifu. Bei yake ni maelfu ya dola. Ndiyo maana tunaanza na simu, kwa sababu ziko programu zinazochelewesha sauti, nyingine za bure.

Hatua ya 1: Jirekodi bila kifaa

Usiruke hatua hii. Jirekodi mara tatu: ukisoma ukurasa mmoja, ukimsimulia mtu jambo kwa dakika tatu, na ukiwa katika maongezi ya kweli, kwa mfano unaagiza bidhaa dukani (mwombe ruhusa unayeongea naye). Rudia siku nyingine mbili tatu, kwani kigugumizi kina siku zake nzuri na mbaya.

Kisha hesabu silabi. Kiswahili kinatusaidia hapa: karibu kila irabu ni silabi, na ile m ya "mtu" pia ihesabu. Chukua silabi 300 za maongezi, weka alama kila ulipokwama, uliporudiarudia au ulipovuta sauti. Alama 18 katika 300 ni asilimia 6. Andika na jambo la pili ambalo hesabu hii hailioni: maneno gani uliyakwepa? Mtu anaweza kupata asilimia 2 kwa sababu kila siku anasema "mji ule" badala ya kutaja jina la mji wake, "Mbarara".

Hatua ya 2: Andaa simu

Tumia hedifoni za waya zenye maikrofoni. Bluetooth ina ucheleweshaji wake yenyewe, mara nyingi zaidi ya milisekunde 100, kwa hiyo namba unayoiweka kwenye programu siyo inayofika sikioni. Weka milisekunde 50 hadi 75. Gonga maikrofoni kwa ukucha: utasikia mlio wa kugonga kwanza, na mwangwi wake hedifonini nyuma kidogo. Ukisikia mwangwi mbali sana, simu yako inaongeza uchelewaji wake, punguza. Vaa masikio yote mawili kwa majaribio ya mwanzo, sauti ya wastani.

Hatua ya 3: Jaribu nyumbani

Soma ukurasa ule ule, halafu simulia. Usishangilie usomaji. Vifaa hivi husaidia kusoma kuliko kuongea, na anayekwama sana kwa kawaida huona tofauti kubwa kuliko anayekwama kidogo. Ukitaka kuongea polepole kwa mazoezi, panda hadi milisekunde 200. Hapo utalazimika kuvuta irabu. Ni zoezi zuri, ila si sauti ya kwenda nayo sokoni.

Hatua ya 4: Toka nje

Hapa ndipo wengi tunapata jibu. Maikrofoni haijui sauti yako ni ipi. Ukisimama Old Taxi Park, kituo kikubwa cha teksi Kampala, unarudishiwa konda anayeita abiria, honi, na redio ya kibanda, vyote vimechelewa na vimejaa kichwani. Nilipojaribu pale niliweza kusema nauli yangu vizuri, lakini sikumsikia konda akinijibu. Dukani au ofisini ilinisaidia zaidi.

Simu ni tatizo jingine. Ukipiga, programu nyingi hunyamaza kwa sababu maikrofoni imechukuliwa. Unahitaji simu ya pili kando yako, ndiyo yenye programu.

Hatua ya 5: Linganisha baada ya wiki kadhaa

Rudia rekodi zile tatu, ukiwa na kifaa na bila kifaa. Wapo ambao nafuu yao inabaki, na wapo ambao inafifia sikio likizoea. Kwangu mimi, swali lenye uzito ni kama sasa unasema "Mbarara".

Maswali ya wanachama

Mwanajeshi, Gulu: Mwalimu, mimi sirudierudii maneno. Nafungwa kabisa, hasa kwenye jina langu tukiitwa paredi. Nimejaribu programu, hedifoni iko kimya.

Afande, umegusa udhaifu mkubwa kuliko wote wa vifaa hivi. Kifaa kinarudisha sauti iliyotoka. Koo likifunga kabla ya sauti kutoka, hakuna cha kurudisha, na wewe unabaki peke yako pale pale ulipohitaji msaada. Wanaokitumia vizuri hufundishwa kukiamsha: anza na mvumo mdogo, midomo imefungwa, "mmm", pumzi ikitoka taratibu, kisha uteleze kuingia kwenye jina bila kukata sauti. Fanya mazoezi kwanza na majina yanayoanza na m au n, halafu yanayoanza na irabu, mwisho k, t na p, ambazo ndizo zinazofunga zaidi kwa wengi. Ukiona mvumo wenyewe ndio unaofungua koo, jaribu bila hedifoni. Na kama unaweza kuongea na mkubwa wako faraghani, mwambie una kigugumizi na kwamba kuchelewa kujibu si utovu wa nidhamu.

Mama, Bombo: Mwanangu ana miaka minne, amegugumiza tangu mwaka jana. Nimwekee?

Hapana, mama. Takriban mtoto 1 kati ya 20 hupitia kigugumizi, na kwa wengi kinaondoka; watu wazima wanaobaki nacho ni kama 1 kati ya 100. Ila huwezi kujua wako yuko upande gani, na mwaka mzima unatosha kutafuta mtaalamu wa tiba ya usemi, hasa akiwa mvulana au ukoo una kigugumizi. Chuo Kikuu cha Makerere kimekuwa kikiwafundisha wataalamu hao, kwa hiyo anzia kuulizia hospitali ya Mulago, Kampala. Kwa umri wake kuna tiba zinazomshirikisha mzazi, kama Lidcombe kutoka Australia, na hazihitaji mashine yoyote. Nyumbani, ongeeni naye bila haraka, mwacheni amalize, msimmalizie neno. Na anayemcheka, hata awe shangazi, mkatazeni mbele ya mtoto.

Dada, Kampala: Kuna mtu mtandaoni anauza "kifaa cha kuponya kigugumizi". Nimeshaombwa malipo ya awali.

Dada, usilipe. Hakuna kifaa kinachoponya. Ukikivua, kigugumizi kwa kawaida kinarudi. Muuzaji mwaminifu atakuruhusu ukijaribu wiki kadhaa katika kazi zako na kukirudisha.

Bodaboda, Jinja: Naweza kuvaa nikiwa na abiria?

Ndugu yangu, pikipiki ikitembea, usivae. Unahitaji kusikia gari lililo nyuma. Steji, ukisubiri abiria, sawa, sikio moja.

Mwalimu wa msingi, Arua: Kwa Kilugbara naongea vizuri kiasi, Kiswahili wastani, Kiingereza nakwama mno. Nipime kwa lugha ipi?

Mwalimu mwenzangu, pima kwa zote tatu, kwa jedwali moja lenye safu tatu. Wenye lugha nyingi mara nyingi hukwama katika kila lugha, kwa viwango tofauti, na kifaa kinaweza kukusaidia kwenye moja kuliko nyingine. Kwa kuwa darasani unatumia Kiingereza, anza na hicho: jirekodi ukifundisha kipindi kimoja, si ukisoma kitabu cha wanafunzi. Kwa Kilugbara tumia kisa kile kile unachosimulia kwa Kiswahili, ili tofauti isije ikawa ni ya kisa. Ukimaliza, tuma asilimia zako hapa tuziangalie pamoja.