Somo: Kuvuka na gari kwa feri ya usiku, Harwich hadi Hoek van Holland

Wengi wetu tulioko Uingereza tukipanga kwenda kuwaona ndugu Uholanzi au Ujerumani, akili inakwenda moja kwa moja Dover. Si vibaya. Lakini kama unaishi Leicester, Peterborough, Norwich au London ya mashariki, una watoto watatu kiti cha nyuma na buti limejaa, Dover maana yake ni foleni, feri ya mwendo wa saa moja na nusu, halafu Ufaransa na Ubelgiji zote zinakusubiri huku umeshachoka. Feri ya Harwich, bandari ya mashariki mwa Uingereza, huondoka saa tano usiku. Unalala kitandani, na saa mbili asubuhi kwa saa za Uholanzi uko Hoek van Holland, mwendo wa nusu saa tu kufika Rotterdam. Tiketi ni ghali kuliko ya Dover, hilo tusidanganyane. Ila toa hoteli ya usiku mmoja, toa mafuta ya Ufaransa na Ubelgiji, ndipo upige hesabu yako.

Walioko kaskazini wana feri za usiku zao: Hull kwenda Europoort ya Rotterdam, na Newcastle kwenda IJmuiden karibu na Amsterdam. Hiyo ya Newcastle ni safari ndefu zaidi, inaondoka jioni na kufika asubuhi. Mengi ninayoyaeleza hapa yanafanya kazi huko pia.

Hatua ya 1: Paspoti kabla ya tiketi

Anzia hapa, maana safari nyingi hufia hapa. Kuwa na ruhusa ya kuishi Uingereza hakukupi ruhusa ya kuingia Ulaya. Mwenye paspoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, hata kama mume au mke ana paspoti nyekundu au bluu ya hapa. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi; zikilingana, kwa ile utakayoingia kwanza. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na ada ya mtu mzima ni euro 90. Miadi ya kupeleka maombi hujaa haraka karibu na likizo za shule, kwa hiyo shika miadi kwanza, feri baadaye.

Wenye paspoti ya Uingereza: iwe imetolewa ndani ya miaka 10 kabla ya siku ya kuingia, na ibaki na miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya. Tangu Oktoba 2025 kuna mfumo mpya wa mpakani, EES, ambao humpiga picha na kumchukua alama za vidole mgeni asiye raia wa Umoja wa Ulaya. Watoto chini ya miaka 12 hupigwa picha tu.

Jambo linalotuhusu sisi hasa ni majina. Mama anaitwa kwa jina la baba yake, mtoto anaitwa kwa jina la babu upande wa baba, na afisa anaona mwanamke na watoto wasiofanana jina. Beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kama mzazi mmoja hasafiri, beba barua yake ya ridhaa yenye sahihi, tarehe za safari na namba ya simu inayopokelewa. Usiiache kwenye barua pepe. Ichapishe.

Na kwa mnaotumia eVisa ya Uingereza (ruhusa ya kuishi inayotunzwa mtandaoni), hakikisheni akaunti imeunganishwa na paspoti mnayosafiria leo, si ile iliyoisha muda mwaka jana.

Hatua ya 2: Gari na karatasi zake

Beba kadi ya gari (V5C) halisi, leseni, na cheti cha bima. Bima za Uingereza hukupa kinga ya chini kabisa huko Ulaya, yaani madhara ya mtu mwingine. Hiyo haimaanishi gari lako mwenyewe limekingwa. Wapigie, waambie nchi na tarehe, waulize kama bima kubwa inaendelea kufanya kazi, na ujibiwe kwa maandishi. Gari la mkopo au la kukodi lina mwenyewe, na ruhusa yake unaiomba mapema.

Nyuma ya gari pabandikwe alama ya UK. Ile ya GB ya zamani haitambuliki tena tangu Septemba 2021. Taa za magari yetu hupiga upande wa kushoto. Ukivuka zinamchoma macho anayekuja mbele yako. Kuna stika za kubandika kwenye taa, au kwenye magari mapya unabadilisha kwenye menyu.

Ukienda Ujerumani ongeza pembetatu ya onyo, kizibao cha reflekta na sanduku la huduma ya kwanza. Miji mingi kama Köln, Düsseldorf na Berlin ina maeneo yanayotaka stika ya kijani ya hewa safi, na gari la kigeni halina msamaha: faini ni euro 100. Iagize wiki kadhaa kabla. Uholanzi nako kuna miji, Amsterdam na Utrecht ikiwemo, inayozuia dizeli za zamani.

Hatua ya 3: Tiketi

Pima gari likiwa limeshafungwa sanduku la juu au keria ya baiskeli, ndipo ujaze fomu. Urefu na kimo ndivyo vinavyoamua bei na mstari utakaopangwa; gari refu kuliko ulivyoandika linaweza kulipishwa nyongeza bandarini. Usiku ni lazima kuchukua kabini, wala usisikitike kwa hilo. Kabini ya ndani isiyo na dirisha ndiyo ya bei nafuu, na kwa maoni yangu ndiyo nzuri zaidi kwa wenye watoto: giza totoro, hakuna jua la saa kumi na moja alfajiri la mwezi wa sita kuwaamsha. Katikati ya wiki bei hushuka.

Hatua ya 4: Begi la usiku

Meli ikishaondoka, deki ya magari hufungwa. Hakuna kurudi kuchukua nepi, dawa ya pumu wala chaja. Kwa hiyo pakia begi moja la kabini kabla hujatoka nyumbani na uliweke miguuni mwa abiria wa mbele, si chini ya masanduku kwenye buti. Ndani yake: paspoti zote, dawa, nguo ya kulalia na ya asubuhi, kandambili, miswaki, chaja, maji, na kitenge au shuka nyepesi ya mtoto aliyezoea harufu ya kwao. Jeri la petroli la akiba liache nyumbani.

Hatua ya 5: Bandarini

Kuelekea Harwich utapita A12 halafu A120. Baada ya Colchester njia hubana, na jioni malori yanayokwenda bandarini yako mbele yako. Jipe saa moja ya ziada. Madirisha ya tiketi hufungwa kabla ya meli kung'oa nanga. Muda umeandikwa kwenye tiketi na hawabembelezwi.

Dirishani wanaangalia paspoti na viza, wanakupa kadi za kabini na karatasi ya kutundika kwenye kioo yenye namba ya mstari. Kaa kwenye mstari huo hata ukiona wa jirani unakwenda haraka. Wakikuita, washa taa ndogo, zima redio, fungua kioo upate kuwasikia. Mlango wa meli ukiuona mara ya kwanza unatisha: njia ya chuma inayolia chini ya matairi, harufu ya dizeli, na kijana mwenye kizibao cha njano anakupungia usogee, sogea, sogea tena, hadi unaona unamgonga wa mbele. Mwangalie yeye, acha kuangalia gari. Meli hizi, Stena Hollandica na Stena Britannica, zina urefu wa mita 240 kila moja. Nafasi imepimwa na watu wanaofanya kazi hiyo kila siku.

Ukisimama: handbreki, gia ya kwanza (au P kwa otomatiki), kunja vioo vya pembeni, zima kihisi cha mtikisiko cha alamu. Ukikiacha, mawimbi yataiwasha alamu usiku kucha na betri asubuhi itakuwa imekwisha. Kisha piga picha namba ya deki na rangi ya ngazi uliyopandia. Asubuhi watu mia kadhaa watakuwa wanatafuta gari jeusi kwa wakati mmoja.

Hatua ya 6: Usiku wenyewe

Mkishaingia, laleni. Watoto watataka kuzunguka meli, wape nusu saa. Weka simu kwenye hali ya ndege kabla ya kuondoka gatini, kwa sababu katikati ya bahari inaweza kujiunga na mtandao wa setilaiti wa meli, na huo haumo kwenye kifurushi chako. Kuwa makini na saa ya kuamka: Uholanzi iko mbele kwa saa moja, hivyo usingizi ni mfupi kuliko unavyoonekana kwenye ratiba.

Hatua ya 7: Kushuka, na kuendesha kulia

Usiwashe injini mpaka magari ya mbele yaanze kusogea. Nje kuna polisi wa mpaka wa Uholanzi, na foleni yake inategemea bahati. Paspoti ziwe mkononi, watoto wawe macho ili waonekane nyuso.

Waliojifunza gari Bujumbura au Bukavu hapa watatucheka, maana wao kulia ndiko nyumbani. Kwa sisi wa Mombasa na Dar, hatari haipo barabara kuu ambako unafuata wenzako. Ipo unapotoka sheli asubuhi barabara ikiwa tupu, mkono wenyewe unakata kushoto. Mpe abiria wa mbele kazi moja: kila mkitoka maegeshoni au sheli aseme "kulia" kwa sauti. Kwenye kipilefti unazunguka kinyume na ulivyozoea. Unapokata kona mjini angalia njia ya baiskeli mara mbili, kwa sababu mwendesha baiskeli anayekwenda moja kwa moja ana haki yake na hatapunguza mwendo.

Barabara kuu nyingi za Uholanzi mwisho ni kilomita 100 kwa saa, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja jioni. Na tahadhari ya mtego mpya: ukitoka Hoek kuelekea kusini, ramani ya simu inaweza kukupitisha A24, barabara iliyofunguliwa Desemba 2024. Handaki lake hulipiwa kama euro moja na nusu, lakini hakuna kibanda cha kulipia. Kamera inasoma namba, na wewe unalipa mtandaoni ndani ya saa 72, la sivyo faini inakuja.

Maswali ya wanachama

Mdau wa Coventry: Shukrani mkuu. Gari ni la shemeji yangu, lakini mimi ndiye naendesha. Kuna shida?

Hakuna shida ukiwa na barua yake ya ruhusa, nakala ya paspoti yake, V5C, na jina lako likiwa kwenye bima. Hilo la mwisho ndilo watu husahau. Barua ya shemeji haikufanyi uwe na bima.

Mdau wa Reading: Nina miezi minane hapa, bado natumia leseni ya Tanzania. Naweza kuendesha huko?

Uingereza inakupa miezi 12, huko ni nchi nyingine. Ujerumani wataka tafsiri ya leseni au kibali cha kimataifa cha kuendesha, na kibali hicho hutolewa na nchi iliyotoa leseni, kwa hiyo ni cha kushughulikiwa Tanzania. Kabla ya hayo yote iulize bima. Ikikataa, mwachie mtu mwingine usukani.

Dada wa Luton: Mimi hutapika hata boti ya Zanzibar. Nitafika kweli?

Utafika, dada yangu. Omba kabini ya katikati ya meli na ya deki ya chini, huko mtikiso ni mdogo. Mbele kabisa ndiko kunakonyanyuka. Dawa ya kichefuchefu inywe kabla ya kuondoka, ikishaanza umechelewa, na muulize mfamasia kama itakufanya usinzie asubuhi wakati wa kuendesha. Kula kidogo, tangawizi haidhuru, kisha lala chali. Meli hizi ni kubwa na usiku mwingi hutazisikia, ila upepo mkali ukivuma Bahari ya Kaskazini haina kina kirefu na mawimbi yake ni ya ghafla.

Mdau wa Leicester: Kibla unakipataje ndani ya kabini?

Dira ya simu hubabaika kwa sababu ya chuma. Tumia ramani iliyo kwenye skrini za meli: kwenda Uholanzi meli inaelekea takriban mashariki, na Makka iko kusini-mashariki. Elekea omo (mbele ya meli), kisha geuka kulia kiasi. Wakati wa kurudi elekea tezi (nyuma ya meli), na bado geuka kulia.

Mama wa Milton Keynes: Dada yangu yuko Den Haag, ameagiza sambusa za nyama na embe. Napita nazo?

Mama, hapana kwa vyote viwili. Nyama na maziwa kutoka Uingereza haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya, hata vikiwa vya kupikwa nyumbani, hata kwenye sandwichi ya mtoto. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga yanaruhusiwa, kopo likiwa halijafunguliwa na yasiwe ya kuhitaji friji, mpaka kilo mbili. Matunda mabichi yanataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano: ndizi, nazi, nanasi, tende na durian. Embe halimo. Achari ya embe inapita, na samaki hadi kilo 20 wanapita. Wakati wa kurudi jibini ya Uholanzi mwachie dada, kwa sababu tangu Aprili 2025 Uingereza nayo imezuia nyama na maziwa ya ng'ombe, kondoo, mbuzi na nguruwe kutoka Ulaya kwa abiria. Sambusa mkazikaange huko huko kwake. Den Haag bucha za halali ziko tele.