Kabla Hujaenda Kuvua Karpu Uingereza: Mambo ya Kuzingatia

Hii ni kwa ndugu aliyelelewa na mshipi wa mkono Lamu, Tanga au Kilwa, akahamia Leicester au Milton Keynes, na sasa anaona watu wameketi kando ya bwawa wikiendi nzima mbele ya fimbo mbili zisizotikisika. Ujuzi wa pwani utakufaa kwa nusu. Nusu nyingine itabidi uiweke kando, kwa sababu uvuvi wa karpu, samaki mkubwa wa maji baridi, unakwenda kinyume na mazoea yetu karibu katika kila jambo: ndoana haifichwi ndani ya chambo, mvuvi hashtui mshipi samaki akidona, na samaki akishavuliwa anarudishwa majini.

Tuanze na hilo la kurudisha, maana ndilo linalowatia watu matatani. Karpu wa mabwawa ya Uingereza ni mali ya mtu. Mwenye bwawa kawanunua, kawalea, na mapato yake yanategemea samaki wale wale wavuliwe tena na tena kwa miaka. Ukimtia mmoja kwenye mfuko bila ruhusa umeiba, na polisi huitwa kweli. Wavuvi wenyewe huwapa majina samaki wakubwa na kuwatambua kwa magamba. Mwaka 1952, kwenye bwawa la Redmire, mvuvi Richard Walker alivua karpu wa ratili 44, yaani karibu kilo 20, akavunja rekodi ya nchi nzima. Samaki huyo alichukuliwa na bustani ya wanyama ya London, akapewa jina la Clarissa, akaishi kwenye tangi hadi 1971. Msimulie bibi yako hadithi hiyo uone atakavyokutazama. Kule Naivasha, samaki wa aina hiyo hiyo aliingia ziwani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na leo anavuliwa kwa nyavu, anapaliwa magamba na kuuzwa ufukweni bila mtu kumpa jina. Kwa hiyo kama unachotafuta ni kitoweo, nenda sokoni, utaokoa pesa na muda.

Karatasi ni mbili, na watu wengi wanadhani ni moja. Ya kwanza ni leseni ya fimbo inayotolewa na Environment Agency, wakala wa serikali wa mazingira, na kwa England na Wales leseni hiyo inamhusu kila mwenye miaka 13 na kuendelea. Wa miaka 13 hadi 16 hawailipii, lakini lazima wawe nayo. Leseni ya kawaida inaruhusu fimbo mbili, na ipo ya fimbo tatu. Ukikamatwa huna, faini inaweza kufika pauni 2,500. Ya pili ni ruhusa ya mwenye maji, iwe tikiti ya siku au uanachama wa klabu. Leseni peke yake haikupi haki ya kukaa kwenye bwawa la mtu. Kumbuka pia kwamba mitoni kuna msimu wa kufunga, kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Juni. Mabwawa mengi yako wazi mwaka mzima, lakini soma kanuni za bwawa lenyewe kabla ya kulipa: zipo zinazokataza ndoana yenye kijino, zipo zinazokataza kulala, na zipo zinazokataza aina fulani za chambo.

Kama una chubwi ulizokuja nazo kutoka nyumbani, zipekue. Uingereza ilipiga marufuku chubwi ndogo za risasi tangu 1987, kwa sababu mabata maji wakubwa waitwao swani walikuwa wakizimeza na kufa kwa sumu. Marufuku inahusu uzito kati ya gramu 0.06 na 28.35. Chubwi kubwa kuliko hapo haziguswi na sheria hiyo, na bahati nzuri kwa karpu tunatumia hizo kubwa.

Vifaa vyenyewe visikutishe. Madukani utaonyeshwa vitu vya kujaza gari, lakini anayeanza anahitaji fimbo ya futi 12 yenye nguvu ya ratili 2.75 au 3, mshipi wa nailoni wa ratili 15, na rili yenye kilegezeo, yaani ile inayoachia mshipi utoke bure samaki akikimbia. Hiyo rili usiifanyie ubahili. Karpu akikimbia na mshipi umekazwa, fimbo nzima inaingia majini. Ndoana namba 6 itakufaa mahali pengi, ila angalia: namba ikipanda, ndoana inakuwa ndogo. King'ora cha umeme kinachopigwa na mshipi ukitembea ni kizuri lakini si lazima kwa siku ya kwanza. Huyo huyo Walker alijitengenezea cha kwake miaka ya 1950.

Sasa tufike kwenye ndoana na chambo, ambapo ndipo penye elimu.

Karpu hana meno mdomoni. Meno yake yako kooni, na anayatumia kusaga konokono na punje ngumu. Mdomo wake ni wa kufyonza: anavuta chakula pamoja na tope, anakionja, na kisichompendeza anakipuliza nje mara moja. Ukimvisha chambo kwenye ndoana kama tunavyomvisha ngisi kwa changu, mambo mawili yanaharibika. Chambo kinakuwa kizito kuliko vipande vingine vilivyotawanyika chini, kwa hiyo kinanyanyuka vibaya na samaki mzoefu anakitilia shaka. Tena ncha imefunikwa, haimchomi anapopuliza. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wavuvi Lenny Middleton na Kevin Maddocks walipata dawa ya hilo: waliacha ndoana tupu, wakaning'iniza chambo pembeni yake kwa unywele halisi wa binadamu. Siku hizi unywele huo ni uzi tu, lakini mtindo bado unaitwa wa unywele.

Ufunge nyumbani, mezani, kwenye mwanga. Chukua uzi laini wa kusuka na ufunge kitanzi kidogo mwishoni. Choma chambo kwa sindano yenye kikulabu, nasa kitanzi, ukivute kipite katikati ya chambo, kisha uzuie kwa kijiti kidogo cha plastiki. Pitisha ncha ya pili kwenye tundu la ndoana, rekebisha mpaka kati ya chambo na mkunjo wa ndoana pabaki nafasi ya milimita tano hadi kumi. Shika uzi ulale juu ya shina, zungushia ile ncha ndefu mara saba au nane kuelekea chini, halafu uirudishe ipite tena kwenye tundu ikiingilia upande wa mgongo wa ndoana. Upande huo ndio unaoifanya ndoana igeuke ikivutwa. Ukikosea upande, inateleza. Lowesha kwa mate kabla ya kukaza. Kipande kizima, kutoka ndoana hadi kwenye kiungo kinachozunguka, kiwe sentimita 15 hadi 20. Kipime kwa kukiburuta taratibu juu ya kiganja: ncha igeuke na kushika ngozi. Igusishe pia kwenye ukucha, na ikiteleza, tupa, funga nyingine. Funga kadhaa, maana ukiwa kwenye upepo na vidole vimekufa ganzi hutaweza.

Kazi ya kumnasa inafanywa na chubwi. Iwe ya gramu 60 hadi 85. Karpu akipuliza, ncha inamgusa, anashtuka na kukimbia, na uzito ule unaizamisha ndoana mdomoni. Ndiyo maana huhitaji kushtua mshipi. King'ora kikilia au rili ikianza kutoa mshipi, inyanyue fimbo kwa utulivu na ushikilie, basi. Lakini chubwi isifungwe moja kwa moja kwa fundo. Tumia klipu inayoiachia mshipi ukikatika, na uijaribu kwa mkono kabla ya kutupa. Karpu aliyebaki akiburuta chubwi kwenye magugu atakufa polepole, na wenye mabwawa hukagua jambo hilo.

Kuhusu chambo, sisi tuna faida, maana mahindi ni yetu. Mahindi makavu yaloweke saa 24, uyachemshe nusu saa au zaidi mpaka punje ibonyee, kisha uyaache yapoe ndani ya maji yake mpaka yatoe utelezi. Usirushe punje kavu hata kidogo, kwani huvimba tumboni mwa samaki. Dengu na ndago hupikwa vivyo hivyo. Karanga ziache kabisa: mabwawa mengi yanazikataza kwa hofu ya sumu ya ukungu. Ukiwa na haraka, mahindi matamu ya kopo yanafaa yalivyo. Ugali mgumu uliokandwa na yai na mdalasini unashika vizuri, na msiuonee haya: Waromania wana ugali wao uitwao mămăligă, na wanavulia karpu kwa huo tangu zamani.

Wenyeji wanapenda boili, vidonge vya unga, protini na mayai vilivyochemshwa dakika moja au mbili ili vifanye gamba ambalo samaki wadogo hawaliwezi. Cha milimita 15 kinatosha. Maduka yatakuuzia ladha mia, kuanzia nanasi mpaka ini, na kwa maoni yangu nyingi zinamvua mvuvi kabla ya samaki. Kiasi ndicho muhimu. Kiangazi anza na viganja vitatu au vinne. Majira ya baridi, maji yakishuka chini ya nyuzi 8 hivi, samaki hali sana, na punje kumi kandokando ya ndoana ni nyingi.

Ukifika, usifungue mizigo. Lizunguke bwawa kwanza. Tafuta mapovu yanayopanda kwa mfululizo, tope lililotibuka, mgongo unaovunja maji. Upepo wa vuguvugu wa kusini-magharibi ukivuma siku mbili tatu, nenda ukingo unaopigwa nao, hata kama utakupiga na wewe. Na tembea taratibu: karpu ana vifupa vinavyounganisha kibofu chake cha hewa na sikio, vishindo vya miguu na kugongwa kwa nyundo ya hema anavisikia.

Mwisho ni vitu ambavyo bila hivyo huenda usiruhusiwe hata kuingia: wavu wa mpini wenye mikono ya inchi 42, godoro la kumlazia samaki, koleo la kutolea ndoana na ndoo ya maji. Lowesha godoro kabla hujamlaza, na mnyanyue ukiwa umepiga magoti, si umesimama. Ukienda msalani, toa mishipi yote majini. Kuacha fimbo bila mtu ni kosa. Ukirudi nyumbani anika wavu na godoro mpaka vikauke kabisa, kwa sababu kuna virusi vya malengelenge ya koi, KHV, ambavyo huweza kumaliza karpu wa bwawa zima na ambavyo sheria inataka viripotiwe. Mabwawa mengine yameweka pipa la dawa getini. Chovya wavu wako humo, hata kama umetoka dukani asubuhi hiyo.