Fimbo ya snuka inalia "tik" kila ukipiga? Itafute kwanza kabla hujamwaga supagluu

Mambo vipi wakuu. Mimi natengeneza fimbo hapa Mtwara, nyingi ni za pool maana meza za pool ziko kila kona, za snuka (ule mchezo ndugu wa pool) zinakuja moja moja, mtu kaletewa na ndugu kutoka Dar au kaokota ya mtumba mahali. Na karibu kila anayekuja anaanza hivihivi, "njomba, fimbo inalia". Inalia vipi? Hapo anakaa kimya, anaangalia dari. Sasa fundi gani atatibu "inalia" tu?

Vifaa vyenyewe ni mswaki mkuukuu, spiriti, kitambaa, wembe mpya, msasa laini na mkavu, supagluu ndogo ya dukani na bisibisi. Usifungue supagluu mpaka nikwambie.

Hatua ya 1: jua ni mlio gani

Piga mpira mweupe taratibu, katikati, mara kumi hivi, mwenzio awe amekaa pembeni karibu na fimbo. Kama ni "tik" kavu ya juu juu, mara nyingi ni tipu (kile kingozi cha mbele) au pete ya shaba inayoshikilia mbao pale mbele. Kama ni "kra" fupi na unaisikia mpaka kiganjani, washuku jointi, pale vipande viwili vya fimbo vinapofungwa pamoja. "Dzzz" ya kutetemeka kama simu iko mfukoni ni kitu kimelegea nyuma, na "ko", kama mtu anagonga mlango kwa mbali, hiyo ni ndani ya kitako, ule mwisho mnene wa nyuma. Siyo sheria, mbao inasafirisha sauti vizuri mno, kitu kimekatika mbele wewe unaapa kiko nyuma. Ndo maana kuna hatua ya 3.

Hatua ya 2: hakikisha siyo wewe

Msicheke. Kuna jamaa nilimbadilishia tipu, nikasafisha jointi, nikakaza kila kinachokazwa, siku mbili nzima, akarudi fimbo bado "tik". Nikamwambia haya piga nione. Kumbe mkono wa kuwekea fimbo una pete ya ndoa na fimbo inaipitia kila akisukuma. Nilitaka kulia! Kwa hiyo vua pete, vua saa, angalia vifungo vya shati, halafu piga na fimbo nyingine kwenye meza ileile. Ikilia na ya pili basi mwenye matatizo ni meza, bolti za ubao wa pembeni zikilegea zinalia vilevile, ukitoka hapo nenda kagombane na mwenye meza.

Hatua ya 3: igonge bila mpira

Shika fimbo kwa vidole viwili tu, chini kidogo ya jointi, ining'inie, halafu gonga kitako kwa ubavu wa ngumi, pole pole. Fimbo nzima inatoa sauti moja safi inayokatika vizuri, mbovu inakuwa na kasauti ka pili nyuma yake, kama mtu anakuigiza. Ukikasikia, fungua jointi, gonga kila kipande peke yake. Kakipotea kwenye vipande vyote viwili basi ni jointi, kakibaki mbele ni tipu au pete, kakibaki nyuma ni kitako. Hii hatua inachukua dakika mbili na ndiyo inayookoa hela, na ndiyo hiyohiyo watu wanairuka.

Na ukianza kutengeneza badili kitu kimoja, jaribu, ndo uende kingine. Ukibadili vitatu kwa mpigo ikapona hutajua kilichoponya, mwezi ujao ikirudi unaanza upya.

Hatua ya 4: jointi

Hapa pwani mchanga uko mpaka kwenye sukari. Punje moja ikikaa kwenye nyuzi (ile mikunjo ya skrubu ya jointi) au kati ya nyuso mbili za shaba, jointi haifungi mpaka mwisho hata ukaze mpaka mishipa itoke. Sugua nyuzi kwa mswaki wenye spiriti kidogo, kidogo kweli, isifike kwenye mbao ikala vanishi. Kausha, funga, inua fimbo kwenye mwanga, ukiona mwanga unapenya kwenye maungio bado kuna uchafu au uso umepigwa. Nyuzi zikiwa kavu sana paka nta ya mshumaa, ile ya kugusisha tu.

Kama kile kipande cha shaba kilichozamishwa kwenye mbao ndo kinazunguka, ACHA. Mimi wakati naanza nilidondoshea supagluu kwa juu nikidhani naokoa muda, ikatiririka mpaka kwenye nyuzi wakati jointi imefungwa. Fimbo ya vipande viwili ikawa ya kipande kimoja. Mwenyewe alikuwa anarudi Newala, akapanda nayo basi imemtokea begani kama mkuki, na mimi nikabaki na deni.

Hatua ya 5: tipu

Minya tipu kwa dole gumba kutoka ubavuni huku ukiangalia mstari wa gundi. Ukifunguka hata kidogo kama mdomo wa chaza, mlio wako ndo huo. Angalia pia kama kingozi kimeliwa mpaka pete inakaribia kugusa mpira, hapo utasikia chuma kabisa.

Kata ya zamani kwa wembe, ukikata mbali na vidole vyako tafadhali. Kwangua gundi yote juu ya pete mpaka shaba ing'ae, na iwe bapa, usiizungushe kwa msasa ikawa kilima, hapa ndo wengi wanaharibu, tipu inashika katikati tu pembeni kuko wazi, na wiki haiishi "tik" imerudi. Mgongo wa tipu mpya usugue juu ya msasa uliolala mezani. Za snuka ni ndogo, milimita 9 mpaka 10, usiletewe ya pool ya 13 ukaambiwa utapunguza.

Sasa fungua supagluu. Tone moja. Hii gundi inakauka kwa unyevu wa hewa, na hewa ya hapa mnaijua, kwa hiyo lenga katikati mara moja, bonyeza, usianze kuzungusha zungusha. Mimi naiacha mpaka kesho yake. Halafu simamisha fimbo tipu ikiwa chini juu ya ubao, punguza pembeni kwa wembe, malizia kwa msasa mpaka iwe na mgongo kama ukucha.

Hatua ya 6: pete ya shaba

Jaribu kuizungusha kwa kitambaa. Ikitembea, gundi imekufa. Inatokea sana kwa wanaoacha fimbo kwenye buti la gari juani, wanaenda Masasi wanarudi, mbao inakauka inasinyaa, shaba haisinyai nayo. Toa tipu, vuta pete, safisha, rudishia na gundi ya tyubu mbili ya kuchanganya, ile ya kukauka taratibu. Ukikuta ufa kwenye mbao chini ya pete usigandishe juu yake, unaficha tu.

Hatua ya 7: kitako

Kaza skrubu ya ile raba ya mwisho wa kitako, kaza kifuniko cha kuongezea urefu kama fimbo yako inacho, bonyeza beji (kile kinembo cha kitakoni) kwa kidole uone kama inacheza. "Dzzz" nyingi zinaishia hapo. Na huo weusi wa kitako watu wanasemaga ni mpingo wetu wa Kilwa, mara nyingi siyo, ni mti mwingine mweusi, ila ni mgumu vilevile na unapasuka vibaya ukichokonolewa.

Kwa hiyo kama umekaza vyote na bado inafanya "ko" ndani ukiitikisa sikioni, huo ni uzito wa risasi umelegea kwenye tundu lake. Usitoboe. Ifunge kwenye taulo uilete.