Jinsi ya kukieleza chuo kuhusu ulemavu wako ili uhudumiwe

Mwanafunzi mmoja mwenye uoni hafifu alimweleza mhadhiri hali yake mlangoni, baada ya kipindi. Mhadhiri akaahidi. Siku ya mtihani karatasi ikaja na maandishi madogo, na chuo kikasema hakina kumbukumbu yoyote. Nilimsaidia kulifuatilia suala hilo kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana hatua ya tatu ni ndefu.

Hatua ya 1. Tenganisha la chuo na lako. Njia ya mteremko kwa kiti cha magurudumu, au tovuti inayosomeka kwa programu ya kusoma skrini, ni wajibu wa chuo kwa watu wote. Haingoji mtu ajitambulishe. Muda wa nyongeza, mkalimani wa lugha ya alama, maandishi ya nukta nundu: hapo inabidi useme.

Hatua ya 2. Pata barua ya mtaalamu, kama daktari, inayoeleza hali yako.

Hatua ya 3. Andika ombi. Usiseme kwa mdomo tu, hata kama mhadhiri ni mtu mwema kiasi gani. Simu nayo siiamini. Tuma barua pepe kwa ofisi inayohudumia wanafunzi wenye ulemavu, au kwa mlezi wa wanafunzi kama ofisi hiyo haipo, kwa sababu tarehe hubaki.

Eleza kizuizi kabla ya jina la ugonjwa. "Nina tatizo la macho" halimwambii mtu afanye nini. "Siwezi kusoma maandishi yaliyo chini ya ukubwa wa 18, naomba karatasi za mtihani na za darasani zichapwe hivyo" linatekelezeka.

Kisha taja nani aambiwe na aambiwe nini. Wengi huiruka sehemu hii, na hapo ndipo mambo huharibika: ama siri inasambaa idara nzima, ama ofisi inaifungia kabatini na msimamizi wa mtihani hajui lolote. Mhadhiri anaweza kuambiwa "mpe maandishi makubwa" bila kutajiwa sababu. Andika hivyo waziwazi. Ila ukikataza asiambiwe kabisa, usitegemee akupe maandishi ya somo mapema. Ukibadili mawazo baadaye, andika tena.

Malizia kwa kuomba jibu la maandishi, na utaje tarehe ya mtihani wako wa kwanza.

Hatua ya 4. Wiki mbili kabla ya mtihani, uliza tena.

Hatua ya 5. Wakikataa, omba sababu kwa maandishi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 2, unahesabu kunyimwa marekebisho yanayofaa, yaani mabadiliko kama hayo unayoomba, kuwa ni ubaguzi, na ibara ya 24 inagusa vyuo pia. Kinachoweza kukiokoa chuo ni kuonyesha kwamba mzigo wa kukutimizia ombi umepita kiasi. Kuchapa karatasi kwa herufi kubwa si mzigo wa namna hiyo. Ambatanisha barua pepe yako ya kwanza kwenye rufaa, yenye tarehe yake.