Kugeuza HiAce Kuukuu Kuwa Gari la Kulala kwa Vifaa vya Kando ya Ziwa

Maelekezo mengi ya kutengeneza gari la kulala yameandikwa na watu wa nchi za baridi, na ndiyo maana yanasisitiza kuziba kila upenyo ili joto lisitoke. Mtu wa Mwanza akiyafuata neno kwa neno atajijengea tanuri. Huku kwetu kandokando ya Ziwa Victoria, usiku hauna baridi ya kumfanya mtu ajifungie. Kinachomtesa aliyelala ndani ya bodi la chuma ni joto la mchana lililobaki kwenye bati, unyevu wa pumzi yake mwenyewe, na mbu. Gari la ziwani linapaswa kupumua, na nimeona kwamba vitu vinavyolisaidia kupumua vinapatikana hapa hapa kwa bei nafuu kuliko vile vya dukani: mafunjo, magunia ya mkonge, sufi, na mbao za mitumbwi iliyostaafu.

Anza na gari lenyewe. HiAce za zamani, zile tulizoziita vipanya zilipokuwa daladala, zinafaa kwa sababu spea zake zipo kila gereji na mafundi wanazijua hata gizani. Usivutwe na rangi mpya. Nunua sumaku ndogo, kisha ipitishe taratibu kwenye kingo za chini za milango, nyuma ya magurudumu na kwenye mifereji ya maji iliyo juu ya paa. Mahali inapogoma kushika, ujue chini ya rangi kuna puti na si chuma. Inua mkeka wa sakafuni ubonyeze kwa bisibisi, kwa kuwa sakafu ya daladala imekunywa maji ya mvua na ya ndoo za samaki kwa miaka mingi. Injini inaweza kufunguliwa na kufungwa upya, lakini bodi lililoliwa na kutu litameza fedha zako zote kabla hujafika kwenye kitanda.

Kabla ya kung'oa kiti hata kimoja, chukua kadi ya gari uende TRA, ambako ndiko kwenye daftari la usajili wa magari, ukaulize taratibu za kubadilisha matumizi, aina ya bodi na rangi. Zungumza pia na polisi wa usalama barabarani kuhusu ukaguzi, na umweleze wakala wako wa bima kinachofanyika. Ikiwa gari lilikuwa daladala, ule mstari wa rangi wa njia ufutwe kabisa, la sivyo kila kituo utasimamishwa na abiria.

Ukishang'oa viti na dari, utabaki na bodi tupu lenye matundu ya bolti. Usiharakishe kuyaziba kabla ya kujua maji yanapita wapi kwingine. Mwombe mtu amwage maji juu ya paa kwa mpira, polepole, akianzia mbele kwenda nyuma, huku wewe umejifungia ndani na tochi na kipande cha chaki. Kila tone unaloliona, fuata njia yake kwa chaki kwenda juu hadi linapotokea, kwa maana maji huingia mahali pamoja na kudondokea mita nzima kutoka hapo. Baada ya hapo sugua kutu kwa brashi ya chuma hadi uone chuma kinang'aa, chomelea vipande palipotoboka, kisha paka rangi ya kuzuia kutu mara mbili. Matundu ya bolti sakafuni yazibwe kwa vipande vya bati vilivyopigwa riveti na kupakwa silikoni.

Sasa paa, ambalo ndilo nusu ya kazi yote. Bati lililopigwa na jua la Mwanza tangu asubuhi halishikiki ifikapo saa nane mchana, na joto hilo likishaingia ndani hakuna feni ndogo itakayolitoa. Kinachofaa kufanywa kwanza ni kulizuia jua lisilifikie bati. Paka paa rangi nyeupe, halafu funga keria ya chuma na juu yake utandaze paa la pili. Mimi nilitumia fito za mianzi zilizopangwa kwa karibu na kufungwa kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu za matairi, kisha nikatandika turubai la rangi ya kung'aa juu yake. Kati ya turubai na bati iache nafasi ya sentimita 5 hadi 8, iliyo wazi mbele na nyuma, ili upepo wa ziwani uchukue joto na kuondoka nalo. Nafasi hiyo ndiyo dawa. Turubai likigusana na bati, umepoteza sehemu kubwa ya faida. Mianzi ikaushwe vizuri na kupakwa mafuta machafu ya injini kwenye ncha zilizokatwa, maana wadudu hupenda kuingilia hapo.

Kwa kuta na dari, watu wa ziwani tuna bahati ambayo wengi hawaitambui. Minofu ya sangara husafirishwa ndani ya maboksi meupe mepesi ya stairofomu, na yaliyovunjika hutupwa. Wepesi wake unatokana na hewa iliyofungwa ndani, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto. Yaoshe kwa sabuni na maji moto, yaanike juani hadi harufu ya samaki iishe, kisha yakate kwa kisu chenye makali ili yakae kati ya mbavu za bodi. Hapa nilifanya kosa lililonigharimu siku mbili: niliyabandika kwa gundi ya viatu, na nilipoangalia baada ya dakika chache nikakuta boksi limeliwa kama sukari iliyoingia maji, limebaki utando mwembamba unaonata. Gundi za namna hiyo, petroli na tina huyeyusha stairofomu. Yashikize kwa fito nyembamba za mbao zilizopigwa skrubu kwenye mbavu, au kwa gundi ya maji ya mafundi seremala. Na kwa kuwa stairofomu ikishika moto hutoa moshi wenye sumu, isiachwe wazi hata kidogo, na isiwekwe kabisa upande wa jiko.

Juu ya stairofomu weka plaiwudi nyembamba, halafu tandaza jamvi la mafunjo. Usitie karatasi ya nailoni katikati ukidhani unazuia unyevu. Watu wawili wakilala usiku mmoja hutoa kwa pumzi na jasho maji yanayoweza kuzidi nusu lita, na yakikutana na nailoni hujikusanya nyuma yake, yasionekane hadi plaiwudi ianze kunuka ukungu. Mafunjo huuchukua unyevu huo usiku na kuurudisha hewani mchana milango ikifunguliwa. Yanashikizwa kwa vipande vya mianzi, si kwa gundi, ili mwaka ukipita uweze kuyatoa, kuyaanika na kuyarudisha. Kwenye milango, ambako jamvi hukatika kwa kukunjwa, magunia ya mkonge yaliyofuliwa hufaa zaidi. Nilijaribu pia kujaza pumba za mpunga kwenye milango. Barabara ya changarawe ilizishusha zote chini, nusu ya juu ikabaki tupu, kwa hiyo sizipendekezi kwa kitu kinachotikisika.

Sakafu haina maneno mengi: plaiwudi ya milimita 12 iliyopakwa rangi pande zote mbili, iliyolazwa juu ya vipande vya mpira wa tairi ili isigusane na chuma moja kwa moja. Soli za kandambili kuukuu, zikikatwa vipande vidogo, ni mito mizuri ya kuzuia milango ya makabati isigonge.

Kitanda kilazwe kwa urefu wa gari, kwa sababu HiAce nyingi za zamani zina upana wa ndani wa mita moja na nusu hivi, na mtu mzima akilala kwa kukingama atakunja magoti hadi asubuhi. Kimo chake usikipime kwa kitabu: simamisha dumu la lita 20 sakafuni, ongeza upana wa vidole vinne, hapo ndipo fremu ipite, ili madumu yaingie chini bila kulazwa. Fremu iwe ya mbao nyepesi za kawaida, na juu yake pigilia chaga zenye nafasi kati yake ili godoro lipate hewa kutoka chini. Godoro la sufi ni bora kuliko la sponji kwa hali yetu. Sufi hainywi maji upesi, na zamani ilijazwa hata kwenye majaketi ya kuokolea maisha majini. Inadai tu uianike na kuipiga kila baada ya wiki chache isishikane mabonge.

Mbao za mitumbwi nilizitumia mahali pamoja tu, yaani meza ya jikoni, kwa sababu mvule, mti wa mitumbwi hiyo, ni mzito na gari halipaswi kubebeshwa ovyo. Nilipata ubao mmoja kwenye mwalo wa Kirumba, yaani pale mitumbwi inapotia nanga, kutoka kwa fundi aliyekuwa akivunja mtumbwi wa zamani. Kwa nje ulikuwa wa kijivu, una mabaki ya lami na nyuzi za pamba zilizokalafatiwa kwenye kingo, na kuzunguka kila tundu la msumari kulikuwa na doa jeusi, kwa kuwa chuma na mti huo vikikaa pamoja majini huacha wino. Ng'oa misumari yote kabla ya kupiga randa, vinginevyo utaharibu makali ya randa. Nilipopiga randa ile milimita ya kwanza, ikatokea rangi ya kahawia iliyoiva kama chai ya rangi, na madoa yale meusi yamebaki katika mistari miwili iliyonyooka pale mbavu za mtumbwi zilipopita. Sikuyafuta. Ubao wa namna hiyo uoshwe kwa magadi na kuanikwa wiki mbili kivulini kabla ya kupakwa mafuta ya alizeti yaliyopashwa moto.

Madirisha mawili yanayotazamana yafunguke usiku kucha, na kila moja liwe na chandarua kilichokazwa kwenye fremu ya mbao inayokaa kwa sumaku. Wavu wa dagaa, hata uonekane mdogo matundu, haumzuii mbu. Utumie darini kubebea nguo na mablanketi, kazi ambayo unaifanya vizuri ajabu. Milango ya nyuma ya HiAce nyingi haifunguki kutoka ndani, basi funga waya au kamba kwenye komeo ili aliyelala aweze kutoka kwa haraka, na kizima moto kikae karibu na kichwa cha kitanda.

Umeme usiwe mkubwa. Paneli ya sola ya wati 100 kwa jua la kwetu hutoa takriban wati-saa 350 kwa siku ukishatoa upotevu. Taa mbili za wati 5 kwa saa tano, feni ya wati 15 kwa saa nane na kuchaji simu mbili ni wati-saa 200 tu, kwa hiyo betri ya volti 12 yenye amperi-saa 100 inakutosha hata mawingu ya masika yakikaa siku mbili, ilimradi usiishushe chini ya nusu. Weka fyuzi karibu kabisa na betri, na betri ya maji ikae kwenye kisanduku chenye tundu la kutolea hewa nje, kwa kuwa gesi yake hulipuka.

Kuhusu jiko naomba nisikilizwe vizuri. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari hata likionekana limezimika, hata mvua ikinyesha, hata kwa dakika kumi. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu wala rangi, na watu hulala nayo wasiamke. Tumia mtungi wa gesi wa kilo 6, upikie nje chini ya mlango wa nyuma ulioinuliwa. Ukiuhifadhi ndani, sanduku lake liwe na tundu chini kabisa sakafuni, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini kama maji.

Maji ya ziwa yana kichocho, na kuyaoga yakiwa mabichi si salama. Beba madumu matatu: moja la kunywa lenye maji yaliyochemshwa, na mawili ya kuogea unayoyapokezana, kila moja likitulia saa 48 likiwa limefungwa kabla ya kutumiwa, maana vijidudu vya kichocho visipopata mwili wa kuingia hufa ndani ya muda huo.

Uzito upime kwa akili ya daladala. Abiria 14 wa kilo 65 ni kilo 910; kitanda, meza, maji, betri, paa la pili na ninyi wenyewe msizidi hapo, na vizito vikae chini, katikati ya magurudumu. Kisha fanya safari ya majaribio. Vuka Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025 likiwa na urefu wa kilomita 3 hivi, ambako upepo wa ziwani unalipiga gari ubavuni, usikilize kama turubai linapigapiga. Upande wa pili tafuta kilomita chache za changarawe, simama kivulini, uzime injini, na upite na bisibisi kwenye kila skrubu uliyoipiga. Nyingi zitakubali nusu mzunguko zaidi.