Unafufua injini ya vokswagen ya zamani? Anza na vitu vidogo

Mtu akipata Beetle iliyolala miaka nyuma ya nyumba ya mzee, kitu cha kwanza anawaza krenki na pistoni, hela yote inaishia huko, halafu injini ikishafungwa inakuja kumsumbua kwa washa ya shilingi mia tano. Yangu ni ya cc 1300, nimeifungua mara tatu sasa, na hizo mara mbili za mwisho sio krenki iliyonirudisha chini ya gari, ni vidude tu. Kwahiyo hapa sigusi krenki wala pistoni, naongelea vidude, vipi unanunua, vipi unatengeneza mwenyewe na vipi usithubutu kabisa.

Kwanza jua una injini gani. Namba imegongwa kwenye kesi ya injini, pale chini ya stendi ya dainamo, inaanza na herufi. D ni 1200, F ni 1300, H ni 1500, na ukikuta B au AD au AS hiyo ni 1600. Usiamini kadi ya gari wala stika ya nyuma, maana hizi gari zimeshabadilishwa injini mara ngapi hata mwenyewe hajui. Enzi zile zilikuwa nyingi huku kwetu, Safari Rally ya 1962 yenyewe ilichukuliwa na vokswagen 1200, ndo maana mpaka leo ukizunguka vijijini hukosi mzoga umelala chini ya mwembe. Mzoga kama huo ukiuziwa kwa bei ya skrepa chukua, hata kama injini imeganda, kwasababu mabati yake, nati zake na zile skrubu za M6 (za mm 6) zina thamani kuliko unavyodhani.

Pili, ukifungua usitupe kitu. Hata gasketi iliyochanika, hata sili (mpira wa kuzuia oili isivuje) iliyokakamaa kama plastiki. Mi natumia trei za mayai, kila shimo kitu chake, na karatasi ya kuandika kimetoka wapi, maana kile kibovu ndo kipimo chako. Ukienda kwenye maduka ya spea ya Dar, Gerezani pale Kariakoo au Ilala, usiseme "nataka kitu cha vokswagen", kijana wa kaunta atakujibu hakuna kabla hujamaliza sentensi. Toa sampo mfukoni, muulize ana kitu kinachofanana na hiki. Utashangaa, kitakuja cha pikipiki au cha Toyota na kinaingia.

Ila hapo kwenye nati na bolti kuwa makini. M6 na M8 za Kijapani uzi wake ni uleule, tofauti ni spana tu, ya Mjerumani M8 unafungua kwa 13 na ya Mjapani kwa 12, haina shida. Shida ni M10. Za kwenye gari za Kijapani nyingi zina uzi wa 1.25 (mm kati ya jino na jino), stadi za hedi (vyuma virefu vya uzi vinavyobana hedi) za vokswagen zile za mm 10 zina uzi wa 1.5, ukilazimisha inaingia raundi mbili inagoma, fundi anaongeza spana ndefu, basi umeshaua stadi. Nati inatakiwa iingie kwa vidole mpaka mwisho, isipoingia sio yake.

Washa za kopa (shaba) usinunue kabla hujajaribu za zamani. Kopa ikibanwa inakuwa ngumu haizibi tena, lakini ukiipasha moto iwe nyekundu ukaitumbukiza kwenye maji inarudi laini kama mpya, unaipiga msasa kidogo unafunga. Lile sahani la chini la chujio la oili lina nati sita na kila nati washa yake, ikikosekana moja tu utakuwa unadondosha oili kila unapopaki. Ukiwa huna kabisa tafuta kipande cha bomba la kopa kwa mafundi AC, pasua, pasha moto, nyoosha, toboa tundu la mm 6 kwanza ndo ukate duara. Ukianza na duara ukatoboa baadae inajikunja, nimeharibu nyingi hivyo.

Gasketi za karatasi unakata mwenyewe, karatasi zinauzwa kwa futi. Mafundi wetu wamezoea kuweka karatasi juu ya chuma na kugonga pembeni na nyundo mpaka ikatike, hiyo fanya kwenye chuma kweli, sio kwenye kesi ya vokswagen, ile ni magnesiamu ni laini inabonyea. Paka oili chafu kwenye uso wa kesi, gandamiza karatasi, ikitoka ina mchoro, kata na mkasi. Na ya pampu ya oili iwe nyembamba sana, kwasababu ile karatasi ndo inaamua nafasi kati ya gia na kifuniko, ukiweka nene kama boksi la viatu presha inapotea na utaanza kulaumu beringi. Halafu silikoni! Fundi mmoja alinipakia silikoni kila mahali kama anajenga bafu, ile iliyobaki ndani ikakatika vipande, nikaja kuvikuta kwenye chujio. Kama lazima upake, paka utando tu.

Sasa mabati ya upepo. Watu wanayadharau kuliko vyote, yani mtu anafunga injini anabakiza mabati mawili sakafuni anasema "haya ni urembo tu". Hii injini haina maji, feni inasukuma upepo na yale mabati ndo yanauelekeza upite kwenye mapezi ya silinda. Ukiacha uwazi upepo unatokea hapo na ule wa moto wa chini unapanda juu unavutwa tena na feni, na silinda namba 3 ndo inaanza kuungua, maana kwenye injini za kabla ya 1971 kula ya oili (kile kipoza oili) imekaa juu yake inamzibia upepo. Hapa ndo pa kutengeneza bila hofu. Bati la friji bovu linafaa, tengeneza patani ya boksi kwanza, ijaribishe, ndo ukate. Mpira wa kuzunguka injini tumia tyubu ya lori, na vile vikofia vya mpira vya waya za plagi pia hakikisha vipo vyote vinne.

Shimu za puli ya dainamo (zile ringi nyembamba za kujazia nafasi) nazo kata tu kwenye bati, zile ndo zinapanga ukali wa fenibelti, ukipunguza katikati ya puli belti inakaza, ukiongeza inalegea. Ila angalia kwanza nje chini ya nati, mara nyingi fundi wa zamani aliziacha za ziada hapohapo.

Usichanganye hizo na shimu za flaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa krenki. Zile ni tatu, na uchezaji wa krenki (inavyosogea mbele na nyuma) unatakiwa uwe kati ya mm 0.07 na 0.13, sasa hapo bati la friji litakupeleka wapi? Funga flaiwili na shimu mbili bila oili sili, pima uchezaji kwa dayo geji (kipimo chenye uso kama saa), toa 0.10, kinachobaki ndo unene wa shimu ya tatu. Ukikosa saizi nunua nene kidogo uisugue kwenye msasa laini uliolowa uliowekwa juu ya kioo, taratibu, ukigeuza geuza, unapima na maikromita kila mara. Huo ndo ufundi pekee unaoruhusiwa hapo.

Vingine nunua bila kubishana. Klipu za pini za pistoni, usirudishe za zamani hata zikikuangalia kwa huruma, ikichomoka moja inalima silinda yote. Sili za kula ya oili, kuna za tundu la mm 8 na za mm 10, pima tundu za kesi na za kula yenyewe kabla hujaenda dukani. Na paipu ya petroli, ya mm 5 ya petroli kweli, sio ile ya plastiki inayoona ndani wala ya maji, na klipu pande zote. Petroli ikivuja kesi ya magnesiamu ikashika moto ukimwagia maji ndo umeichochea.

Vipya vinapatikana, Mexico walitengeneza Beetle mpaka 2003 na Brazil Kombi ya upepo mpaka 2005, kwahiyo muulize mtu anayeagiza mzigo akuwekee seti nzima ya gasketi na sili, ni bahasha nyepesi tu, inaingia kwenye begi la nguo.